Sina Ugomvi na Ethiopia

Mimi sina ugomvi na Ethiopia. Natanguliza neno hilo kwa sababu tangu Machi 2025, Rais Samia aliposema akiwa ziarani Kilimanjaro kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia, kila mtu mtaani kwetu Mbagala amekuwa mhandisi wa gridi. Kinyozi ana maoni. Muuza chipsi ana maoni. Hata dereva wa bodaboda, ambaye chombo chake kinanywa petroli asubuhi na jioni, ana maoni kuhusu umeme, tena makali. Hoja yao ni moja: tumejenga Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, halafu tunakwenda kubisha hodi kwa jirani wa jirani?

Ikabidi nieleze. Nyumbani kwetu kazi ya kueleza ni yangu, maana naandika magazetini, na wapangaji wenzangu wanaamini mtu wa gazeti hunywa chai na mawaziri. Nikawaambia: jamani, bwawa liko huku, Arusha na Moshi ziko kule. Umeme ukisafirishwa mbali unapotea njiani, na Rais mwenyewe alitaja hasara ya Sh32 bilioni kwa mwaka. Upande wa pili ipo laini ya kilovolti 400 inayotoka Isinya, Kenya, ikapita Namanga na kushuka mpaka Singida. Na Kenya nayo imeungana na Ethiopia kwa laini ya zaidi ya kilometa 1,000, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Ajabu iko wapi? Watu wa Kagera wamewashiwa taa na Uganda miaka nenda rudi, na hakuna aliyevimba. Pale Rusumo mpakani wamejenga mtambo wa megawati 80, wanagawana Tanzania, Rwanda na Burundi, na hatujasikia wameshikana mashati.

"Wanagawana vipi?" akauliza Mama Friji.

"Sawa kwa sawa. Kila nchi theluthi."

"Na mita inakaa kwa nani?"

Somo langu la ushirikiano wa kikanda likaishia hapo.

Msimlaumu. Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja, na mtu aliyeishi kwenye nyumba ya namna hiyo haamini kwamba nchi tatu zinaweza kugawana umeme bila mmoja kununa. Chumba cha kwanza ni cha huyo Mama Friji, anayeuza barafu na maji baridi. Cha pili ni cha Fundi Cherehani, mwenye cherehani la mota na pasi nzito kama jiwe la kusagia. Cha tatu anakaa Kijana wa Sabufa. Cha nne ni cha Mwalimu, ambaye hana kitu zaidi ya taa na chaja ya simu, na kwa sababu hiyo hiyo ndiye mwenye kelele kuliko wote siku ya mchango. Cha tano ni changu, mimi na feni yangu. Cha sita kuna dada muuguzi wa zamu za usiku. Hoja yake ni kwamba usiku hayupo. Hoja ya wenzake ni kwamba mchana yupo, amelala, na feni inazunguka namba tatu.

Ukutani, chini ya mita, kuna karatasi iliyochanwa kwenye daftari na kubandikwa kwa gundi ya karatasi, ile ya kung'aa. Mwandiko ni wa baba mwenye nyumba, herufi kubwa tupu:

SHERIA ZA UMEME. 1. PASI NI JUMAPILI TU. 2. HEITA NI MARUFUKU. 3. FRIJI INAONGEZA ELFU TANO. 4. MGENI AKILALA ZAIDI YA SIKU MBILI ACHANGIE. 5. TAA YA NJE IZIMWE SAA NNE. 6. ASIYECHANGA ASISHANGAE.

Kifungu cha sita ndicho cha kutisha, kwa sababu hakisemi kitu. Nchi nzima, bei ya umeme haibadiliki mpaka EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, waite mkutano, wadau wakae ukumbini, watumiaji wasemewe na baraza lao, karani aandike, ndipo amri itoke. Karatasi yetu haikupitia kwa mdau yeyote. Tuliamka tukaikuta. Fundi Cherehani, ambaye kifungu cha kwanza kinamnyima riziki siku sita za wiki, alithubutu kuuliza, kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Mimi kazi yangu ni pasi. Jumapili peke yake nitafanyaje?"

"Marahaba. Shona nguo zisizojikunja."

Hilo ndilo lilikuwa jibu, na rufaa hakuna.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi, ambalo kinyozi na muuza chipsi hawajaligusa hata siku moja kwa sababu wako bize na Ethiopia. Tangu amri ya bei ya Aprili 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anauziwa uniti moja kwa Sh100. Mteja wa kawaida, Sh292. Weka juu yake VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, ya mtu mdogo inafika Sh122, ya mtu wa kawaida Sh356 na ushee. Ndiyo maana ukinunua ya elfu kumi kuna wanaopata uniti 28, na kuna waliobarikiwa wanaopata karibu 82 kwa elfu kumi ile ile, mtaa ule ule, nguzo ile ile.

Bei hiyo ya chini iliwekwa kwa huruma, imlinde mnyonge. Jambo jema. Ila mnyonge wa Dar es Salaam anakaa wapi? Anakaa chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita, na mita ni moja. Sisi sita ukitujumlisha tunatumia kama uniti 120 kwa mwezi, yaani wastani wa 20 kila chumba. Mtu wa uniti 20 ni mnyonge wa kupigwa picha na kuwekwa kwenye ripoti. Lakini mita haina macho. Inachoona ni uniti 120, na uniti 120 machoni pake ni tajiri mmoja mwenye tumbo, amekaa sebuleni na kiyoyozi. Basi tunatozwa bei ya huyo tajiri. Uniti zangu 20, kama ningekuwa na mita yangu, zingenigharimu Sh2,440. Kwa kukaa na wenzangu nalipa Sh7,125. Mwalimu, kwa ile taa yake na chaja, hata hiyo elfu mbili pengine asingeifikisha.

Baba mwenye nyumba anakaa nyumba ndogo ya uani, yeye na mama, na mita yao wenyewe. Wawili, taa tatu, redio moja. Yeye ndiye mnyonge anayelindwa na sera ya taifa. Analipa Sh122. Jioni hutoa kiti nje, akajinyoosha, akatuhubiria sisi wa Sh356 habari ya kubana matumizi.

"Vijana hamna nidhamu ya umeme," husema. "Mimi ya elfu tano mwezi unaisha."

Kweli tupu. Elfu tano yake ni uniti 40 na zaidi. Elfu tano yangu ni 14.

Halafu ipo kodi ya majengo. Toka Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla; ilianza Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa Sh1,500. Hii ni kodi ya mwenye jengo. Jina lenyewe halihitaji mwanasheria. Mimi sina jengo. Mimi nina godoro, feni na ndoo mbili. Lakini mkononi nina risiti ya 2024 niliyoitunza kama cheti cha ndoa, ya luku ya elfu kumi ya mwanzo wa mwezi, nayo inasema hivi: Sh1,500 kodi ya majengo. Ikabaki Sh8,500. Humo VAT ikachota Sh1,254, REA Sh209, EWURA Sh69 na senti 67. Umeme wenyewe ukaambulia Sh6,967, uniti 23 na kitu.

Kodi hiyo ilipoanza, Serikali ilipoulizwa kuhusu wapangaji, ushauri ulikuwa tuzungumze na wenye nyumba, tukatane kwenye kodi ya pango. Nikaenda kuzungumza. Baba mwenye nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akaniuliza kama nimesikia kwamba chumba cha jirani kimepanda elfu kumi. Mazungumzo yakawa yamekamilika.

Mwaka huo huo wa 2024 tulipata na mtihani mwingine, huu wa dunia nzima. Mita za luku zilikuwa zinahesabu dakika kuanzia mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa na mwisho: dakika 16,777,216, ambazo zilikuwa zinatimia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyoboreshwa inagoma kupokea umeme mpya. Basi kila mita ilitakiwa kulishwa namba za ziada. Ukinunua umeme, badala ya namba moja ya tarakimu 20 zinakuja tatu. Mbili za kuifundisha mita hesabu mpya, ya tatu ndiyo umeme wako. Tarakimu 60.

Kwa mtu mwenye mita yake sebuleni hiyo ni kazi ya dakika mbili. Yetu iko koridoni, juu ya mlango, giza mchana na usiku. Ikaundwa kamati. Kijana wa Sabufa akapanda kigoda abonyeze, kwa kuwa ana vidole vya kuchezea gemu. Fundi Cherehani akashika simu asome, kwa kuwa ana miwani. Mama Friji akasimama nyuma kusimamia, kwa kuwa barafu yake ilikuwa inayeyuka na alikuwa na uchungu kuliko sisi wote. Mwalimu akatoa wazo kwamba namba zisomwe nne nne, kama shuleni. Fundi akasema yeye amezoea tatu tatu, kama vipimo vya kiuno. Wakabishana hapo mita ikilia pii, pii, pii. Wakakubaliana nne nne. Wakafika tarakimu ya kumi na sita, simu ikaita. Ni mteja anauliza suruali yake. Namba zikapotea kwenye kioo, Fundi akapokea, "Haloo, ndiyo bosi, kesho asubuhi," mita nayo ikachoka kusubiri na kujifuta.

"Kata hiyo simu!" akapiga kelele Mama Friji.

"Huyu ana salio langu la elfu kumi na tano."

"Na mimi nina ndoo nne za barafu!"

Tulipofaulu mwishowe, taa zikawaka, tukapongezana kama watu waliozindua bwawa. Alikosekana mkuu wa mkoa tu wa kukata utepe. Baba mwenye nyumba akatokea uani kuuliza kelele za nini, maana ya kwake aliingiza zamani, peke yake, kabla ya chai.

Ndiyo maana nikisoma habari za Umoja wa Gridi za Mashariki mwa Afrika, ule ulioanzishwa 2005 na wenye makao Addis Ababa, nasoma kwa wivu. Wenzetu wanapanga soko ambamo wauzaji na wanunuzi watataja leo bei ya umeme wa kesho, saa kwa saa. Mtu anajua bei kabla ya kuwasha! Kwetu bei inajulikana baada ya kuzima, mwisho wa mwezi, Mama Friji akiwa ameshika kalamu na Mwalimu akiwa ameshika kiuno. Wana bodi yao ya udhibiti. Wadhibiti wa Afrika Mashariki nao wana chama chao, makao Arusha: EWURA wetu, EPRA wa Kenya, ERA wa Uganda, RURA wa Rwanda, AREEN wa Burundi na ZURA wa Zanzibar. Wote hao wamejipanga kudhibiti umeme unaosafiri maelfu ya kilometa. Zikibaki hatua kumi na mbili, kutoka mita hadi kitandani kwangu, anadhibiti mzee mmoja kwa karatasi ya daftari.

Na biashara ya kuvuka mipaka ipo hata kwetu, msitudharau. Nje ya nyumba kuna kibanda cha saluni ya kiume. Umeme wake unatoka chumba cha Kijana wa Sabufa kwa ekstensheni ndefu, lakini ili ufike barabarani lazima waya upite dirishani kwa Mama Friji. Kwenye lugha ya wakubwa, nchi inayopitisha umeme wa wenzake hulipwa ada ya kupitisha. Mama Friji hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya nishati, lakini siku ya kwanza alipoona waya dirishani alidai ada. Walikubaliana watoto wake wawili wa kiume wanyolewe bure kila mwisho wa mwezi. Mkataba wa mdomo, na mpaka leo unaheshimiwa. Siku moja kinyozi alichelewesha vichwa hivyo, na waya ukachomoka wenyewe mteja akiwa amenyolewa nusu. Alilipa deni hapo hapo.

Tatizo likaja pale taifa liliposema tuache mkaa. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Dada muuguzi, mtu wa afya, akaitikia wito. Akanunua jiko la presha la umeme, lile la kubonyeza. Maharage yanaiva huku yeye anasinzia, na wataalamu wanasema jiko hilo linakula umeme kidogo kuliko wengi tunavyodhani. Uani pakawa na kikao cha dharura. Mama Friji, ambaye friji lake halijazimwa tangu lilipoingia, alisema hawezi kuvumilia mtu apikie umeme wa watu. Mwalimu akaleta kikokotoo. Dada akaeleza habari ya moshi na mapafu, akaeleza misitu, akamtaja hadi Rais. Baba mwenye nyumba akaenda kuchukua kalamu, akaongeza ukutani: 7. JIKO LA UMEME NI SAWA NA HEITA.

Nchi ilijipa miaka kumi ya kufika asilimia 80. Sisi tulikaa kwenye asilimia 16 na kidogo, chumba kimoja kati ya sita, kwa jioni moja, kisha tukarudi kwenye mkaa. Lile jiko sasa dada anawekea vitunguu.

Wakati mwingine mtu hufikiri aondoke tu. Lakini kuondoka nako kuna siasa zake. Uganda waliona. Kampuni iliyoitwa Umeme, iliyosambaza umeme kule tangu 2005, ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 tarehe 31 Machi 2025, na kesho yake kazi ikarudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Kilichofuata ni hesabu ya vitu ilivyojenga na bado havijalipiwa. Serikali ikatoa dola milioni 118, kampuni ikasema inadai zaidi, wakaelekea kwenye usuluhishi. Niliposoma nilicheka peke yangu, kwa sababu mpangaji aliyekaa chumba changu kabla yangu aliondoka hivyo hivyo. Alikuwa ameweka soketi mbili na holda ya taa kwa pesa yake. Akataka arudishiwe. Baba mwenye nyumba akasema hazina thamani tena, zimechakaa. Hawakwenda kwa msuluhishi. Usiku wa kuhama alikuja na bisibisi. Nilipohamia nilikuta matundu matatu ukutani na nyaya zimetoa ndimi.

Basi, mtaniuliza, si ufunge mita yako? Nimepiga hesabu hiyo. Kuunganishiwa umeme mjini, bila kuhitaji nguzo, tangu Januari 2022 ni Sh320,960. Kijijini ni Sh27,000, na sijui kwa nini sikubaki kijijini. Kwa kuwa na mita yangu ningeokoa Sh4,685 kila mwezi. Ukigawanya, fedha yangu itarudi baada ya miezi 69, karibu miaka sita. Mkataba wangu wa pango ni wa miezi sita. Maana yake ningekuwa namwekea baba mwenye nyumba mita, kisha mpangaji wa kumi na moja baada yangu ndiye aanze kuona faida. Hata hivyo nilikwenda kuomba ruhusa, maana nyumba ni yake na fomu inamhitaji.

"Mita ya chumba?" akasema, akicheka kwa upole. "Mwandishi, leo wewe, kesho Mwalimu, keshokutwa Mama. Nyumba yangu itakuwa na mita nyingi kuliko madirisha. Na mkishakuwa na mita zenu, mimi nitawaongoza kwa kitu gani?"

Jibu la ukweli kama hilo sijapata kulisikia kwenye mkutano wowote wa wadau.

Januari 2025 wakuu wa nchi walikutana hapa hapa Dar es Salaam, wakatoa azimio: Waafrika milioni 300 wapate umeme ifikapo 2030, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wakiwa mbele. Sisi wa vyumba sita hatumo kwenye hao milioni 300. Tumeshahesabiwa. Kwenye vitabu tuna umeme, nguzo iko nje, mita inalia, kazi imekwisha. Anayefunga kitabu haulizi umeme huo unatufikia kwa bei ya nani. Na ukubwa wa uzalishaji hautusaidii chochote katika hilo. Machi 2024 tuliambiwa baadhi ya vituo vya maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Siku hizo hizo Fundi Cherehani alikuwa anasubiri Jumapili apige pasi. Hata bwawa lingezaa mara mbili, mita moja yenye vyumba sita nyuma yake ingeendelea kuonekana ni tajiri mmoja.

Ndiyo sababu nasema sina ugomvi na Ethiopia, wala Zambia, ambako laini nyingine inajengwa sasa. Ungeni. Uzeni, nunueni, pitisheni. Ninachotaka kiko karibu. Kwa kuwa kila elfu kumi ya mwanzo wa mwezi namchangia mdhibiti Sh69 na senti 67, najihesabu mmoja wa waajiri wake, na kama mwajiri naomba kumwongezea kazi. Mosi, bei ya mnyonge ifuate kaya, isifuate mita: mita yenye kaya sita zilizothibitishwa na mjumbe wa mtaa ipewe uniti 75 mara sita kabla ya kupandishwa daraja. Kwa sasa familia sita zinazogawana uniti 120 ni tajiri mmoja kwenye mfumo. Pili, wenye nyumba waruhusiwe kulipia mita za vyumba kidogo kidogo, wakikatwa humo humo kwenye luku, kama kodi ya majengo ilivyowezekana kukatwa. Tatu, karatasi yoyote ya ukutani yenye neno SHERIA ipitie mkutano wa wadau.

Mkutano ujao wa maoni ukitangazwa nitakwenda kuyasema hayo mwenyewe, kwa kipaza sauti. Jana uani niliomba wenzangu wanichangie nauli, nikawaeleza kwamba nakwenda kuwapigania wote. Mwalimu akauliza kama inaweza kugawanywa kwa matumizi. Mama Friji akakataa moja kwa moja. Amesema hiyo mikutano hufanyika kwenye kumbi zenye kiyoyozi, na baridi yote nitaifaidi mimi peke yangu.